Tamasha liwepo, ila jiwe lisiguswe

Ndugu, umeuliza kama kuandaa tamasha la muziki na taa kwenye magofu ya kale ni kuyaenzi au kuyaharibu. Kwa maoni yangu, la kutazama kwanza ni kama athari za tamasha zinaweza kuondolewa kesho yake bila kuacha alama.

Pango la Lascaux, Ufaransa, linafundisha mengi. Liligunduliwa mwaka 1940 na likafungwa kwa umma mwaka 1963, kwa sababu pumzi na joto la wageni, pamoja na taa zilizowekwa ili waone vizuri, vilikuwa vimeotesha mwani wa kijani kwenye kuta zenye michoro iliyodumu kwa zaidi ya miaka 15,000. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuja kutazama tu, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwaka 1983 ikafunguliwa nakala ya sehemu ya pango hilo, ambako mtu anaweza kusimama mbele ya michoro ya mafahali wakubwa pasipo kudhuru chochote.

Huko Stonehenge, mduara wa mawe makubwa ya kale nchini Uingereza, kwa kawaida wageni huyatazama mawe kwa mbali kidogo, lakini tangu mwaka 2000 umati huruhusiwa kuingia katikati kushuhudia mawio ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka, kwa sharti la kutopanda juu ya mawe. Utaratibu huo naupenda sana.

Kwa hiyo endeleeni na maandalizi, mradi nguzo za jukwaa zisichimbiwe ardhini, mtikisiko wa spika upimwe mapema, na mhifadhi awe na mamlaka ya kusimamisha onyesho wakati wowote.