Mgogoro na Mpiga Picha Usiutatue Kwenye Seti

Hapa Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, likianza kuzama halikawii. Ile nuru ya dhahabu anayoitaka kila mwanafunzi wa filamu hupita upesi. Kwa hiyo watu wawili wakibishana dakika 20 kuanzia saa 12 kasorobo, tukio zima linaweza kupotea, na pengine kamera ya kuazima inatakiwa chuoni kesho asubuhi.

Nimetayarisha filamu kadhaa za wanafunzi, na mtu ninayemfikiria hapa alikuwa mpiga picha. Alikuwa na kipaji, na mwanga aliuelewa kutushinda sote. Lakini kila mwelekezi alipomwambia kamera ikae wapi, aliiweka chini na kuanza kueleza kwa nini wazo hilo ni bovu, waigizaji wakiwa wamesimama juani. Tulikuwa juu ya ghorofa Pangani, matatu za Thika Road zikipiga honi huko chini, fundi wa sauti akingoja sekunde chache za utulivu ambazo zilikuja na kupita wale wawili wakijibizana. Kufikia jioni mwelekezi alikuwa akimtazama mpiga picha kabla ya kutoa amri yoyote.

Pale pale sikumwambia kitu. Ukimkemea mtu mbele ya wenzake atatetea heshima yake, na mambo ya shoti, yaani kile kipande kinachorekodiwa, hayataongeleka tena. Tulipofunga kazi nikamwomba tukanywe chai kibandani, sisi wawili tu. Nilianza kwa kuuliza: "Ndugu yangu, ni picha gani unayoiona ambayo sisi hatujaipata?" Aliongea kwa muda mrefu. Kumbe skripti alipewa usiku wa kuamkia siku ya kwanza, na aliamini kamera inapaswa kukaa mbali na yule mama wa kwenye hadithi yetu mpaka tukio la mwisho. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuitoa.

Ndipo nami nikamweleza upande wa pili: mwigizaji aliyejiandaa kulia hawezi kuyashikilia machozi huku watu wakizozana mbele yake. Tukakubaliana kwamba kila jioni atakaa na mwelekezi kupitia shoti za kesho, moja baada ya nyingine. Kwenye seti, akiwa na pingamizi, ataisema mara moja, kando, kwa sauti ya chini. Baada ya hapo neno la mwelekezi ndilo la mwisho, na muda ukiruhusu tunarekodi na toleo lake. Utaratibu huo tuliuandika kwa ajili ya kikosi kizima: nani ana kauli ya mwisho kuhusu picha, sauti, pesa na saa. Asingeuheshimu kama ungeandikwa kwa ajili yake peke yake.

Tafadhali, mambo haya msiyapeleke kwenye grupu la WhatsApp usiku. Maneno ya hasira yakishaandikwa, asubuhi kila mtu anakuja akiwa na upande wake.

Anayechelewa au kukosa kufika ana shida tofauti. Muulize kwanza habari za nauli. Anayetoka Rongai akitakiwa mjini saa 12 asubuhi huamka usiku, na hakuna anayemlipa. Kwangu mimi nauli na chakula hutangulia kwenye bajeti, kabla hata ya lenzi ya kukodi.

Kuna mtu wa kuondolewa kikosini: anayemtukana au kumshika mwigizaji visivyo, au anayekataa kutoa picha alizorekodi. Hili la pili mnaweza kulizuia mapema. Kila jioni nakilini kadi za kamera kwenye diski mbili, zitunzwe na watu wawili katika nyumba mbili tofauti. Ikibidi kumwondoa, mhadhiri ajulishwe kwanza, kisha mwambieni mwenyewe ana kwa ana na mumpe nauli yake ya siku hiyo. Jina lake libaki kwenye orodha ya mwisho wa filamu, kwa zile siku alizofanya kazi. Atakayemwajiri baadaye huenda akaomba kuiona filamu hiyo.