Ukienda Salem, anzia gatini

Usiende Salem, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mwezi wa Oktoba. Mji wa watu elfu 44 hivi hupokea wageni zaidi ya milioni moja ndani ya mwezi huo, wengi wao wamevaa makofia marefu meusi, na pa kuegesha gari hupapati hata ukisoma dua. Nenda Mei, au Septemba mwanzoni. Gari liache nyumbani: treni kutoka North Station, Boston, ni kama nusu saa tu.

Wengi wanafuata habari za mwaka 1692, waliposhitakiwa watu kwa uchawi, wakauawa 20: 19 kwa kunyongwa, na mzee mmoja kwa kurundikiwa mawe kifuani. Sikwambii uzipuuze. Pita penye kumbukumbu yao kando ya makaburi ya Charter Street, soma majina, kaa kidogo. Ila ujue kwamba mashtaka yenyewe yalianzia kijiji ambacho leo ni mji mwingine kabisa, Danvers. Maduka ya mishumaa na vibao vya kutabiria, shauri yako na pochi yako. Mimi kinachonishinda ni polisi wa mji kuvaa beji yenye mchawi anayepaa kwa fagio (wa kwao hawajui ungo).

Sisi tuliotoka pwani tuna Salem yetu, na mlango wake ni Derby Wharf. Ni gati la mawe na udongo lililoingia baharini karibu nusu maili, na kwenye ncha yake pana mnara mdogo wa taa wa mwaka 1871. Kwenda huko hakuna kiingilio. Tazama ratiba ya maji kabla ya kutoka, ufike yakiwa yamekupwa. Bahari ya pale hupanda na kushuka karibu mita tatu, na ikishuka utaona tope na maji haba pembeni mwa gati. Hapo ndipo jiografia ya Salem inapojieleza. Mji umekaa kwenye shingo ya nchi kati ya North River na South River, mahali pazuri pa kujificha na upepo, lakini kina ni kidogo. Kwa majahazi ya karne ya 18 kilitosha. Mwaka 1790 Salem ilikuwa miongoni mwa miji 10 mikubwa ya Marekani, na mabaharia wake walikuwa wakienda India, China na Sumatra kufuata pilipili manga.

Kisha ikaja marufuku ya biashara ya nje ya mwaka 1807, vita vya 1812 na Uingereza, na meli zikazidi kuwa kubwa. Biashara nono ikahamia Boston na New York, penye maji marefu. Wafanyabiashara wa Salem wakabaki wakitafuta bandari ambazo wakubwa hawajazing'ang'ania, na mojawapo ilikuwa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, naye alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem, konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Alishirikiana sana na Jairam Shivji, aliyekodi kazi ya kukusanya ushuru wa forodha ya Sultani, na wafanyabiashara wenzake hawakuacha kunung'unika.

Ile merikani waliyovaa bibi zetu, na iliyotumika kama fedha kwenye njia za misafara hadi Ujiji, ilitoka kwenye viwanda vya jimbo hili la Massachusetts. Meli zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Sandarusi ilifika na michanga yake, ikasafishwa hapahapa Salem kabla ya kuuzwa kwa watengeneza vanishi. Nikikaa kwenye mawe ya gati lile huwa nasikia fahari kidogo, kisha nakumbuka kwamba pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na karafuu zetu nazo zililimwa na watumwa. Ukienda na watoto, waambie na hilo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikatiza pamba, nguo za Uingereza na India zikajaza pengo. Mwaka 1870 ikaingia Salem jahazi Glide, ikitoka Unguja. Haikuja nyingine tena kutoka ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema.

Ukitoka gatini, jengo la forodha la mwaka 1819 liko mbele yako, lenye tai wa dhahabu juu ya paa. Halafu panda mjini hadi jumba la makumbusho la Peabody Essex. Mizizi yake ni chama cha mabaharia kilichoanzishwa mwaka 1799. Hukuruhusiwa kujiunga mpaka uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Tiketi si rahisi, kwa hiyo nenda asubuhi ule siku nzima. Bila fedha, pita maktaba ya umma ya Essex Street: ilikuwa nyumba ya John Bertram, aliyetajirika kwa biashara ya Unguja na Madagaska, na warithi wake wakautunuku mji. Kaa humo usome gazeti, umo nyumbani kuliko unavyodhani.

Chakula kitafute mtaa wa The Point, kusini kidogo. Moto wa Juni 1914 uliteketeza majengo zaidi ya 1,300 mjini na mtaa huo ukaungua; ukajengwa upya kwa matofali. Leo wanaishi humo watu wengi wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, na wali na maharage wao hautakushangaza.

Ukitaka kusoma barua na shajara za Waters, ujue haziko Salem. Ziko Maktaba ya Phillips, ya jumba lile la Peabody Essex, katika mji wa Rowley. Omba miadi mapema, panda treni ya Newburyport na si ya Rockport, maana njia zinaachana Beverly. Na upange usafiri wa kukuchukua kituoni, kwa miguu ni mbali.