Prado yenye kilomita laki tatu: anza na rejeta, bampa lisubiri

Mkuu uliyeko Tabora, nimekuelewa. Umenunua Prado KZJ95 ya mwaka 1998, injini 1KZ-TE, gia otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 312,000. Unapanga safari ya Kigoma, hela yako inatosha jambo moja kwa sasa, na unauliza uanze kuinyanyua ikae juu zaidi, kuivisha tairi kubwa na bampa la chuma, au uipeleke kwanza kwa fundi. Mimi niko Kigoma, Mwanga, ninayo ya aina hiyohiyo mwaka wa sita huu. Nakuomba hela yote iende kwenye mfumo wa kupooza injini.

1KZ-TE ni injini ya kazi, lita 3.0 na turbo, mzigo inavuta. Udhaifu wake ni hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Ikichemsha sana, hata mara moja, hedi inaweza kupasuka. Halafu usiutegemee mshale wa joto. Umetengenezwa utulie katikati hata joto likiwa linapanda, ukija kuona umeanza kusogea umeshachelewa.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hayo unayoyatamani. Nikafunga bampa la chuma na taa mbili kubwa mbele ya grili, tairi nikazitoa 265/70R16 nikaweka 285/75R16. Ilipendeza kweli, nikipita Ujiji watu wanageuka. Mwezi wa kumi, jua la kukaribia mvua, tukapakia ndugu na mizigo kwenda msibani Urambo. Tumelipita daraja la Malagarasi, Nguruka bado, nikaona gari imekuwa nzito, mara mvuke. Taa na bampa vilikinga upepo usiingie kwenye rejeta. Rejeta yenyewe nusu ilishaziba kwa kutu, maana aliyeniuzia alikuwa anajaza maji ya bomba matupu. Na feni klachi, kifaa kinachoifanya feni izunguke kwa nguvu injini ikipata moto, ilikuwa imekufa. Tulikaa pale hadi jioni, mama mdogo akakosa kumzika kaka yake. Linaniuma mpaka leo.

Fundi akaskimu hedi, akabadili gasketi, akafunga. Baada ya miezi miwili nikaanza kukuta mpira wa juu wa rejeta mgumu asubuhi, injini ya baridi kabisa, na chupa ya maji inatoa mapovu gari ikiwaka. Kumbe hedi ilikuwa na ufa tangu siku ile na hakuna aliyeipima kwa presha. Kuskimu kunanyoosha uso wa hedi tu, ufa unabaki palepale. Nikaagiza hedi mpya Dar, ikaja kwa basi. Bampa, taa na tairi vikijumlishwa, hedi ile ilivizidi bei.

Tairi nazo zilichangia. Hizo nilizoweka zina kipenyo kikubwa kwa kama asilimia 7. Gia zinakuwa nzito, mlimani injini inahema zaidi. Spidi ikisoma 100 wewe uko karibu 107, na kilomita zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo hata oili unachelewa kumwaga bila kujua. Mimi nimerudi 265 na sijutii.

Kwa hiyo, rejeta: usizibue, nunua mpya. Kwenye otomatiki kipoza mafuta ya gia kiko ndani ya rejeta hiyohiyo. Kikitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi, mafuta yanageuka kama maziwa ya rangi ya waridi, na giaboksi imekwenda. Badilisha na themostati (valvu inayoruhusu maji yazunguke injini ikipata moto), mipira yote, pampu ya maji kama inavuja hata tone. Weka kulanti, dawa ya kupoozea injini, usiweke maji matupu. Feni klachi ijaribu injini ikiwa moto na umeshaizima: zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kwa ulaini bila kubisha, imekufa. Kisha funga geji ya joto ya pembeni yenye kengele, sensa yake ikae kwenye hedi. Ni kitu kidogo, na kingeniokoa siku ile ya Nguruka.

Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, kama hujui ulibadilishwa lini, badili. Namba 312,000 usiiamini sana pia. Tazama raba za pedali na usukani vilivyolika, ndivyo vitakuonyesha gari imetembea kiasi gani.

Kabla ya kuinyanyua, kagua boljointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia tairi. Kwenye Prado hizi uzito wa gari unaivuta boljointi itoke, na ikichomoka tairi linalala pembeni ukiwa mwendoni. Hapo usichukue feki hata kama jenuini itakuchelewesha mwezi mzima. Ukimaliza, inyanyue, ila usizidishe sentimita 5. Mbele kila tairi lina shafti yake. Ukipandisha sana sivi jointi, viungo vya shafti hizo, zinakaa upande, mpira wake unachanika, na kwa vumbi la huko kwenu mchanga utaimaliza haraka. Bampa nalo utafunga tu, ila chagua lenye nafasi wazi katikati, na taa zikae juu kwenye karia.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua mfuniko wa rejeta uchungulie. Ukikuta maji ya kahawia au utando wa mafuta juu yake, piga picha uweke hapa, na safari ya Kigoma uliyosema iahirishe kwanza.