Hela ya ulemavu jeshini: jibu langu kwa mpwa wangu

Mpwa wangu, umeuliza kama ni kweli askari wa Marekani akitoka jeshini anakula hela ya ulemavu mpaka kufa, na kama ukipata makaratasi ujiunge. Umeuliza pazuri. Mjomba wako huku kazi yake ni kulea wazee, pampasi na yote, na mmoja wao anaipata hiyo hela.

Alikuwa baharia pwani ya Vietnam. Kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga kule zaidi ya lita milioni 70 za dawa ya kuua majani, ili adui akose pa kujificha. Sehemu kubwa ilikuwa na sumu ya dayoksini. Leo mzee ana kisukari. Kila asubuhi nampima, na ncha za vidole zimeshakuwa sugu, hadi namchoma pembeni ya ukucha ndipo damu itoke.

Kwa kawaida anayedai huleta vitu vitatu: cheti cha ugonjwa, ushahidi wa kilichompata jeshini, na maelezo ya daktari kwamba hiki kimeleta kile. Hicho cha tatu ndicho kigumu. Daktari gani ataapa kwamba kisukari cha mzee kilitokana na dawa ya 1968? Ndiyo maana sheria ya 1991 ilileta utaratibu wa orodha: kama ulikuwepo kule na ugonjwa wako umo, hudaiwi tena maelezo hayo ya daktari. Kisukari kiliingia 2001. Presha, ugonjwa wa kila mzee, ilisubiri hadi 2022! Mabaharia kama huyu wangu waliambiwa hawakukanyaga nchi kavu, hawahusiki, mpaka sheria ya 2019. Wenzake wengine walikuwa wameshazikwa.

Wavietnam wenyewe, waliomwagiwa hiyo dawa mashambani? Walishtaki kampuni zilizoitengeneza. Mahakama ya Brooklyn, New York, ikaitupa kesi 2005.

Malipo nayo ni kwa asilimia ya ulemavu, kuanzia 10 hadi 100. Kisukari cha vidonge na kujinyima chakula ni 20, na hela ya asilimia hiyo haitoshi hata kodi ya chumba huku.

Sikukatazi kujiunga. Ila ukiumia, hata kikohozi cha moshi, nenda zahanati ya kambi kiandikwe siku hiyohiyo, na nakala utume kwa mama yako. Wa kukujazia fomu usimlipe. Vyama vya maveterani hufanya bure.