Moyo Ukiwa Kulia, Usiiguse Eksirei

Wadogo zetu mnaoanza rotesheni ya kifua hapa Dar, kuna jambo limetuchosha kwenye vikao vya asubuhi. Wapo watu wanaozaliwa na viungo vya kifuani na tumboni vimegeuka kama kwenye kioo (situs inversus), moyo wao uko kulia kweli. Lakini moyo ukionekana kulia kwenye eksirei, lazima atokee mtu wa kusema "hii imegeuzwa". Anabofya mara moja kuigeuza, picha inakaa "sawa", chai inaendelea.

1. Soma alama ya L (upande wa kushoto wa mgonjwa) kabla ya kuusoma moyo. Kosa hili si lenu peke yenu. Sisi tunaowafokea ndio tuliolianza, na si kwa ujinga bali kwa ujuaji. Tazameni linavyotembea. Tuseme mgonjwa wa namna hii ana saratani pafu la kushoto. Picha ikigeuzwa, saratani inahamia kulia. Anayejaza fomu ya ridhaa anaangalia picha, mgonjwa hamtazami. Anayeandika orodha ya tiata (chumba cha upasuaji) ananakili fomu. Mgonjwa analazwa ubavu wa kushoto, tundu la kamera linatobolewa nafasi ya 7 au ya 8 ya mbavu, na kwenye skrini linajitokeza pafu la lobu (sehemu kuu) mbili, safi kabisa. Aliyebofya ni mmoja, waliotia saini ni wengi. Kinga yake ni peni tu: mgonjwa akiwa macho, gusa mpigo wa moyo, gonga ini, mwulize mwenyewe, kisha chora ubavuni. CT nayo isomeni mpaka tumboni, maana moyo kuwa kulia si uthibitisho kwamba viungo vyote vimegeuka.

2. Kikohozi cha miaka mingi na sinusi zisizopona? Takribani asilimia 20 hadi 25 ya watu waliogeuka viungo vyote wana silia (vinyweleo vya njia ya hewa) zisizofagia makohozi. Fiziotherapia ianze kabla ya kisu.

3. Daktari wa usingizi aambiwe jana yake, si mlangoni. Bronkasi (bomba kuu la hewa la kila pafu) ndefu sasa ni ya kulia, na mrija wa njia mbili, unaopumulisha kila pafu peke yake, hukaa salama huko. Ukisukumwa kushoto unaweza kuziba mdomo wa lobu ya juu. Bronkoskopu (kamera ya njia ya hewa) ithibitishe, tena baada ya kumgeuza mgonjwa. Stika za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nazo zibandikwe upande wa pili.

4. Kuitoa lobu ya juu kushoto. Hapa mkono wa mazoea ndio adui. Lobu upande huu ni tatu, vena ya azigosi (mshipa wa damu wa kifuani) inapinda upande huu, na upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, uko kulia pamoja na neva ya sauti inayouzunguka. Msitaje "kushoto" na "kulia" mkiwa ndani; tajeni mshipa kwa jina. Kabla ya stepla (kifaa cha kubana na kukata) kufunga vena ya juu ya pafu, itafuteni vena ya lobu ya kati, kwa kawaida inaingia humohumo. Ikikatwa, lobu hiyo itavimba damu na huenda nayo ikabidi itolewe. Kwenye bronkasi, baneni stepla bila kufyatua, ombeni pafu lipulizwe. Lobu ya kati na ya chini zikijaa, fyatueni. Ya kati ikibaki imesinyaa, fungueni stepla, muisogeze.