Kabla hujatia Laurdan kwenye seli, anza na DPPC

Wewe unayeanza kupima utando wa seli kwa Laurdan, rangi inayong'aa ikipigwa mwanga, nakuomba usianze na seli. Anza na liposomu, vifuko vidogo vya utando, zilizotengenezwa kwa DPPC peke yake, lipidi (mafuta ya utando) ya aina moja.

Najua seli ndizo zilizokuleta maabara. Lakini Laurdan haipimi ulaini wa utando moja kwa moja, inaonyesha maji. Molekuli hii, iliyotoka kwa mwanakemia Gregorio Weber mwaka 1979, huzamisha mkia wake katika mafuta, kichwa kikabaki karibu na mpaka wa maji. Lipidi zikibanana, maji hayapati nafasi, nayo hung'aa buluu, karibu nanomita 440. Zikilegea, maji hupenya na kujipanga kukizunguka kichwa kilichosisimuliwa na mwanga. Nishati hupungua, rangi ikahamia karibu nanomita 490. GP, namba inayoonyesha jinsi utando ulivyobanana, ni hesabu ya hapo: mng'ao wa 440 toa wa 490, ugawe kwa jumla yake.

DPPC huyeyuka kwenye nyuzi 41 za Selsiasi, na GP yake huporomoka papo hapo. Hicho ndicho kipimo cha uaminifu wa mashine yako ya kusoma mng'ao, na wako pia.

Mimi yangu iliporomoka kwenye 44. Wiki tatu nzima nililaumu lipidi, nikatengeneza liposomu upya, nikabadilisha bafa, yaani maji ya chumvi yanayoshika liposomu. Kisha dada mmoja aliyenitangulia akachukua kipimajoto chembamba kama uzi, akakitumbukiza ndani ya kyuveti, kichupa cha sampuli kinachoingia kwenye mashine. Skrini ilisoma 44, sampuli ilikuwa 41. Mashine ilikuwa inasoma joto la chuma kinachoshika kyuveti, na sikuwa nikisubiri sampuli ipate moto. Tangu siku hiyo napima joto ndani ya kyuveti yenyewe, nakoroga, nasubiri, ndipo nasoma.

Ukifika kwenye seli, tenga sehemu isiyotiwa Laurdan, uisome kwa mipangilio ileile kabisa. Seli zina mng'ao wao: NADH, molekuli ya umetaboli iliyomo ndani ya seli, ikipigwa mwanga wa karibu nanomita 340 hutoa buluu karibu na 460. Usipouondoa mng'ao huo, GP inaweza kupanda, ukadai dawa yako imekaza utando kumbe imegusa umetaboli tu. Hili linaniuma kuliko makosa yote, kwa sababu grafu hutoka nzuri.

Tia Laurdan kidogo, molekuli moja kwa mamia ya lipidi, maana ikizidi inauvuruga utando unaoupima. Chupa ya Laurdan ifunge kwa karatasi ya alumini, isipigwe na mwanga. Tena kumbuka kwamba ndani ya seli haibaki kwenye utando wa nje peke yake. Ukisoma kwenye kyuveti, namba unayopata ni wastani wa tando zote.

DPH, rangi nyingine ya kupima utando, ikikupa jibu tofauti, usikimbilie kuitupa. Yenyewe hukaa ndani zaidi, katikati ya mikia ya lipidi, na inachopima ni jinsi inavyozunguka humo. Ziandike zote mbili daftarini, na joto la ndani ya kyuveti pembeni yake.