Kuku wanaliwa usiku, niweke sumu?

Mkuu sumu usiweke kabisa nakuomba. Kama asubuhi unawakuta wamekufa humohumo bandani na vichwa vimeliwa basi hapo mshukiwa ni kicheche au kanu, na sumu haichagui, ataila mbwa wa jirani, au panya aile halafu bundi amle yule panya naye afe, si haki jamani. Shida ipo kwenye banda. Ule waya mwembamba wa kuku unazuia kuku wasitoke tu, mnyama anaurarua, tafuta wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi uuchimbie chini kama futi moja maana wanachimba. Komeo liwe imara, jua likizama wote ndani. Na vifaranga mchana wafunike na tenga, mwewe anawaona toka mbali.